Sekunde Zisizokuwemo

Video ya marehemu ilikuwa ya sekunde arobaini. Mkewe, anayehariri video za harusi chumbani kwake, aliijua nje ndani: mume juu ya stuli, anafunga feni, anageuka, anacheka, basi. Hakuwa na nyingine yenye sauti yake. Siku moja mchana mume aligeuka, akacheka, na video ikaendelea. Sekunde tatu zaidi. Katika hizo tatu alikuwa ameacha kucheka, anamtazama.

Chumba kikanuka udongo mbichi.

Akampigia shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta. Fundi alifika, akakagua mashine, akanywea.

"Kuna mteja kakutumia video leo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Asubuhi. Mgeni. Hata sijaifungua."

"Haingoji kufunguliwa, shemeji. Programu yako inachungulia kila video inayoingia, ikutengenezee kile kipicha kidogo. Hiyo imedanganya ukubwa wake. Programu ikaamini bila kupima, ikaipa nafasi ndogo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kilichozidi kikamwagikia pembeni. Pembeni kulikuwa na nini?"

Mjane akainamisha kichwa. "Ya kaka yako. Huwa siifungi."

Mwaka mzima fundi alimsihi aweke toleo jipya la programu hiyo, lililozibwa matundu. Alikataa, kwa sababu lile jipya halikuwa na maua ya waridi yanayodondoka skrini nzima, na maharusi bila maua hayo hawalipi kwa raha. Walikuwa wakitaniana kuhusu maua hayo. Sasa hakuna aliyecheka.

"Kilichoingia humo si mchezo wa wahuni wa mtandaoni," fundi akanong'ona. "Wahuni hawanuki. Nafuta kila kitu. Na ya kaka pia. Yule si yeye tena."

"Nipe dakika moja nimuage."

Nani atamnyima mjane dakika? Fundi akatoka. Mjane akachomeka flashi, akanakili video ya mumewe, akaichomoa na kuificha kifuani kwa aibu. Fundi akarudi, akafuta, akaweka toleo jipya, akasoma dua aliyoijua nusu nusu. Harufu ikaondoka, na wote wawili wakashusha pumzi.

Kesho yake, jua likiwaka, watoto wa jirani wakipiga kelele nje, mjane aliketi kwenye kochi, akachomeka flashi kwenye televisheni, na mume akafunga feni, akageuka, akacheka, akaacha kucheka, kisha akashuka kwenye stuli, jambo ambalo hakuna kamera iliyowahi kulipiga, akaja taratibu, uso ukikua mpaka ukajaza kioo, kelele za watoto zikififia moja moja, harufu ya udongo mbichi ikipanda kutoka sakafuni, naye akasema kwa sauti ileile ambayo mkewe aliililia miezi minane:

"Sogea kidogo, nikae."

Alijua si yeye. Alikuwa ameambiwa, na aliamini.

Akasogea.