Kigae cha Juu

Asubuhi hiyo chumba cha mazoezi cha kliniki kilifurika kama soko. Huyu anavuta mpira, yule anakanyaga baiskeli isiyokwenda popote, mzee mmoja anasimama na kuketi huku akilalamika kwa sauti, ili kila mtu apate fungu lake. Msusi alikuwa amewapa wote mgongo. Gauni lake la njano lilikuwa limenyooshwa pasi upande mmoja tu, na vidole vyake vilitambaa kupanda vigae vya ukuta kama buibui aliyechoka. Bega lake la kulia lilikuwa limekakamaa, na msusi asiyeinua mkono ni msusi wa jina tu.

"Samahani, dada," sauti ikasema nyuma yake. "Hivyo vigae unavyokwea vimepinda."

Akageuka. Mwanamume mrefu, shati la maua, viatu vina vumbi jeupe, magoti yote mawili yamefungwa bandeji.

"Na wewe ni nani, mkaguzi wa kuta?"

"Fundi vigae. Tazama mstari ule. Aliyeupanga alikuwa anawaza chakula cha mchana."

Msusi akacheka mpaka akashika bega. "Unaona? Umeniumiza."

"Basi nikubebee mkoba, nisije nikashtakiwa."

Alianza na mkoba. Haukupita muda akawa mtu wa saluni kabisa: anashusha mafuta rafu ya juu, anaanika taulo, anainua ndoo. Simu nazo hazikupoa.

"Umeamkaje, malkia?"

"Bega limeamka kabla yangu."

"Usiguse kitu. Nakuja."

Shoga yake Msusi, aliyesuka naye kiti kwa kiti, alisema hajawahi kuona mwanamume akianika taulo bila kusukumwa, akaomba aulizwe kama ana kaka.

Fundi akapamba hata ukuta wa kando ya beseni kwa vigae, mstari wa bluu, mstari mweupe, vimenyooka kama vimechorwa kwa rula. "Hivi ndivyo vya kukwea," akasema. "Ukimaliza mteja, kwea kidogo." Lakini Msusi alikwea kwa nadra. Ya nini, na mikono mirefu ya Fundi ipo?

Ndipo ikaja siku ile, saluni imejaa, kichwa cha mteja kinachuruzika maji.

"Fundi, mpenzi, nishushie taulo."

Fundi akatia mikono mfukoni. "Zishushe mwenyewe."

Umbea wote ukakatika.

"Umesemaje?"

"Taratibu tu. Lakini mwenyewe."

Msusi akainua mkono, ukagoma njiani. Shoga akazichukua zile taulo huku akimsonya Fundi kuanzia kichwani hadi kwenye bandeji. "Mapenzi yameisha chaji," mteja mmoja akanong'ona, na mnong'ono wake ukasikika hadi barabarani.

Jioni simu ikalia.

"Umenidhalilisha mbele ya wateja wangu."

"Malkia, si umeshaambiwa..."

"Nimeambiwa nini? Kwamba umenichoka? Hilo nimeliona mwenyewe!" Akakata. Ikaita tena, akaiacha iite.

Hasira ikamfanyisha kazi. Taulo alishusha mwenyewe, ndoo alijaza nusu akainua mwenyewe. Kila mteja alipotoka, alikwea ukuta akimlaani Fundi kigae kwa kigae. Maumivu yakiwa ya kuvutavuta aliendelea, yakichoma alisimama, kama alivyofundishwa.

Siku ya kliniki, mtaalamu wa viungo, ambaye wagonjwa walimwita Dada Nyoosha, akampima mkono, akapima tena.

"Umepanda! Umefanya nini?"

"Nimeachwa."

"Hongera," Nyoosha akasema, kisha akajishika mdomo. "Subiri. Fundi? Mimi ndiye niliyemkataza kukubebea kila kitu! Bega lisilotumika linazidi kuganda. Nilimwambia mkalizungumze."

"Hakuzungumza."

"Na mimi nilikwambia mara ngapi uutumie huo mkono?"

Nyoosha akaongeza, kwa sauti ya chini: "Mwenzako naye siku hizi haonekani. Magoti yale yasipofanyishwa mazoezi hayatamsamehe."

Msusi alipiga simu akiwa bado ngazini.

"Fundi."

"Malkia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani Nyoosha ameshakwambia. Ulipokata simu, nikaogopa. Siku ile kuizuia hii mikono mfukoni, mpenzi, afadhali ningebeba saruji."

Msusi akaegemea ukuta, akatabasamu peke yake. "Na magoti?"

"Yanakuulizia."

"Kesho asubuhi uyapeleke kwa Nyoosha. Halafu uje."

Alikuja kesho yake, shati jeupe la pasi, anatembea polepole lakini wima. Saluni ilijaa watu wasiosukwa wala kuoshwa, maana Shoga hakuwahi kuficha habari tamu. Fundi alikwenda ukutani, akabandika ndoano ndogo kwenye kigae cha juu kabisa, akatundika pete kwa utepe mwekundu.

"Ningepiga magoti," akasema, "ila Nyoosha kanikataza, na nikishuka hapa mtaniinua ninyi."

"Nimshushie?" akauliza mteja mmoja mrefu.

"Wee! Acha!" nyumba nzima ikamrukia.

Msusi akavua bangili, akaweka vidole ukutani. Bluu. Nyeupe. Bluu. Mkono ukapita macho, ukapita kichwa, ukapita pale ulipokuwa ukigomea siku zote. Kisha bega likachoma. Kigae kimoja tu kilibaki.

Akasimama.

"Nikusaidie, mpenzi?" Mkono wa Fundi ulikuwa umeshaanza kutoka mfukoni.

"Thubutu! Rudisha."

Akaurudisha. Msusi akashusha mkono wake polepole, akamgeukia.

"Jibu chukua leo. Ndiyo. Pete iache palepale, nitaifuata mwenyewe."

Vigelegele vikapasuka. Pete ikabaki juu ikipepea kila mlango ulipofunguliwa, na kuanzia siku hiyo kila mteja mrefu alionywa kabla hajakaa.