Sanduku la Lita Ishirini

Cherehani ya Fundi ilikaa chini ya dirisha la sebuleni, mahali penye mwanga mwingi kuliko pote nyumbani. Kila asubuhi Fundi alishona nguo za watu hapo. Mumewe alikaa kiti cha pili, akimkunjia nguo zilizokwisha. Mtaa mzima ulimwita Dereva, na mkewe naye alimwita hivyo hivyo. Alikuwa ameendesha malori kwa miaka thelathini na moja bila kugonga hata kuku.

Mwaka uliopita macho yake yalianza kuingia ukungu. Daktari alimpima, akasema ni presha ya macho.

"Tumia dawa hii ya matone kila siku," daktari alisema. "Italinda uwezo wa kuona uliobaki. Ule uliopotea haurudi."

Dereva alirudisha funguo za lori kazini. Siku ile hakutia kitu mdomoni. Tangu hapo akawa kimya kama maji ya mtungi. Aliwaona watu, lakini nyuso zao ziliparaganyika. Namba ndogo hakuziona kabisa. Nguo za kukunja zilikuwa chache, na siku zilikuwa ndefu.

Siku moja redio ilikuwa inaeleza jinsi watu wanavyopika bia yao wenyewe nyumbani. Dereva akainua kichwa.

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia. Wewe na bia wapi na wapi? Miaka yote hiyo hujaonja hata tone."

"Nilikuwa na usukani," alisema Dereva. "Sasa usukani sina."

Wakacheka wote wawili. Kisha Fundi akainamia cherehani haraka, ili mumewe asione machozi. Halafu akakumbuka kwamba asingeyaona hata hivyo, na hilo likamchoma zaidi.

"Tupike," alisema.

Kwanza walikwenda ofisi ya serikali kuuliza sheria. Waliambiwa kwamba mtu mzima anaruhusiwa kupika kidogo kwa kunywa nyumbani, ila haruhusiwi kuuza. Wakatafuta kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Fundi alishona mfuko wa kitambaa cha wavu wa kuchujia. Redio ilikuwa imesema kimea kilowekwe kwenye maji ya moto kwa saa nzima, ndani ya chombo kinachotunza joto. Ilishauri sanduku la barafu.

"Barafu na moto?" Fundi alishangaa.

"Ukuta wake ni mnene," Dereva alieleza. "Unazuia joto lisiingie. Basi utalizuia lisitoke pia."

Kaka yake Fundi alikuwa muuza samaki. Aliposikia habari hiyo, alimletea shemeji yake sanduku jipya, halijawahi kubeba hata samaki mmoja. Lilikuwa la lita mia moja. Lilipita mlangoni kwa kusukumwa.

"Shemeji, hapa utapika mpaka uchoke," alisema, meno yote nje.

Dereva alipima mwenyewe kilo nne za kimea. Alipima lita kumi na mbili za maji kwa jagi la lita moja, akihesabu kwa sauti. Fundi alimsomea kipimajoto. Wakachanganya, wakakoroga, wakafunika. Baada ya saa moja wakafunua.

Fundi alichota maji kidogo kwa kijiko akaonja. Yalikuwa na ladha ya unga, hayana utamu. Walipoyachemsha na kuyatia hamira, bia iliyotoka ilikuwa nyepesi, yenye ukungu, kama maji yaliyosuuza sufuria.

Dereva aliweka glasi mezani.

"Ni macho yangu," alisema. "Nimekosea kupima."

"Hukukosea. Nilikuwa hapo. Nilihesabu pamoja nawe."

"Unanionea huruma, Fundi."

Neno hilo lilikaa kati yao siku nyingi.

Fundi hakukata tamaa. Aliwaza kwamba huenda joto lilipotelea ndani ya lile sanduku kubwa. Akanunua dogo, lile la kubebea chakula cha safari, la lita kumi na mbili. Wakapima tena kilo nne na lita kumi na mbili za maji. Fundi alishika sanduku, Dereva akamimina. Kimea kilijaa, kikafika ukingoni, na maji yangali kwenye sufuria. Dereva hakuona. Akaendelea kumimina.

"Simama! Simama, baba!" Fundi alipiga kelele.

Rojo la moto lilifurika, likamwagikia mguu wake wa kulia. Dereva aliacha sufuria ikaanguka. Alipapasa hewani akimtafuta mkewe.

"Uko wapi? Umeungua? Fundi, uko wapi?"

"Niko hapa. Si sana. Nipe maji ya baridi tu."

Dereva alimmwagia mguu maji ya bomba kwa dakika ishirini, akipiga magoti sakafuni. Ngozi ilikuwa nyekundu lakini haikutoka malengelenge. Alipomaliza, alibaki pale pale kwenye sakafu iliyolowa.

"Basi," alisema. "Imetosha. Siku nyingine nitakuua."

Kelele zile zilimfikia jirani wa ukuta wa pili. Alikuwa mama mmoja mstaafu, aliyefanya kazi kiwanda cha bia tangu ujana wake. Watu walimwita Mama Kimea. Alibisha hodi huku ameshaingia.

"Kuna usalama humu? Pole, mwenzangu! Mguu vipi?" Kisha akanusa. "Ala! Kimea! Mnapika bia, na mimi niko ukuta wa pili, hamniambii?"

"Tulikuwa tunapika," alisema Dereva. "Tumeacha. Macho yangu hayafai kazi hii."

Mama Kimea alitazama sanduku kubwa pembeni, lililokuwa limewekewa nguo za kupigwa pasi. Alitazama dogo, lililofurika. Akauliza, "Ulitumia kimea kiasi gani?"

"Kilo nne."

"Na maji?"

"Lita kumi na mbili."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili. Nadhani. Sijui."

"Ilikuwa hivyo," alisema Fundi.

Mama Kimea alivuta kiti, akakaa mbele ya Dereva, magoti kwa magoti.

"Jirani, nisikilize. Kilo moja ya kimea kwa lita tatu za maji ndicho kipimo tulichotumia sisi kiwandani. Umepima kama mtu aliyefundishwa. Macho yako hayana kosa hapa. Kosa ni la masanduku."

Fundi aliona mabega ya mumewe yakishuka taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Nieleze," alisema Dereva.

"Kimea kina wanga, kama unga wa ugali. Wanga ukikaa kwenye maji yenye joto la nyuzi sitini na tano hadi sitini na nane, kwa saa nzima, hugeuka sukari. Hamira inakula sukari hiyo, ndipo unapata bia. Joto likishuka sana, wanga unabaki wanga."

"Ndiyo maana ilikuwa na ladha ya unga," alisema Fundi.

"Enhe! Sasa hili kubwa. Rojo lako lilifika wapi?"

Fundi alionyesha kwa vidole. "Hapa tu. Vidole vitatu kutoka chini."

"Limetandazwa kama blanketi. Na juu yake kuna hewa tele. Hewa hiyo na kuta zile zote zimekunywa joto lenu. Ni sawa na kuwasha jiko moja dogo ukumbini, ukitaka ukumbi wote upate joto."

"Na hili dogo?" aliuliza Dereva.

"Hilo linatunza joto vizuri, ila halikutoshi. Kimea kikilowa nacho kinachukua nafasi. Kila kilo ihesabie robo tatu ya lita. Kilo nne ni lita ngapi?"

"Tatu," alisema Dereva bila kusita.

"Ongeza maji yako."

"Kumi na tano." Akahesabu tena kwa vidole. "Nami nilikuwa nazitia kwenye sanduku la kumi na mbili."

"Umeona? Hata mwenye macho ya mwewe asingeweza. Rojo lijaze sanduku kama robo tatu. Nafasi inayobaki ni ya kukorogea. Lita kumi na tano ni robo tatu ya ngapi?"

"Ishirini."

"Basi sanduku lako ni la lita ishirini."

"Je, tukipata wageni, tukataka kupika kilo sita?" aliuliza Fundi.

"Mtapika mara mbili. Mwenzangu, chagua sanduku kwa kile unachopika kila mara. Usichague kwa ajili ya sherehe ya siku moja. Na angalia liwe la plastiki inayofaa chakula, inayostahimili moto. Kifuniko kifunge vizuri. Kabla ya kutia kimea, tia kwanza maji ya moto tupu, funika dakika kumi, kisha yamwage. Sanduku likiwa baridi, litaanza kwa kujipasha lenyewe kwa joto la rojo lako."

"Na kumimina?" Dereva aliuliza kwa sauti ya chini. "Nimemuunguza mke wangu."

Mama Kimea alimgeukia Fundi.

Fundi alifikiri. Maisha yake yote alikuwa amepima vitu kwa vidole: kola, pindo, kiuno.

"Nipe siku mbili," alisema.

Alitafuta mwiko mrefu wa mbao. Walipopata sanduku la lita ishirini, alilitia maji lita moja moja. Kila baada ya lita tano aliutumbukiza mwiko, akachonga kwa kisu mkato pale maji yalipofika, akaulainisha kwa msasa. Kwenye lita kumi na tano alichonga mikato miwili iliyokaribiana. Akampa mumewe.

Dereva alipitisha kidole gumba. Akakipitisha tena.

"Tano," alisema. "Kumi. Kumi na tano." Akatabasamu. "Hii ni barabara, mama. Ina alama za njiani."

Mama Kimea naye aliwaazima kipimajoto chenye kengele, kinacholia joto likifika pale ulipokitegesha. Alimfundisha Dereva kumimina maji kwa jagi lenye mshikio badala ya sufuria, lita moja moja, sanduku likiwa chini sakafuni na mtu mwingine akiwa mbali.

Jumamosi wakapika. Dereva alipasha sanduku joto kwanza, kama alivyoelekezwa. Kengele ililia, akaanza kumimina, jagi moja baada ya jingine. Kimea kilipoingia chote, alitumbukiza mwiko, akautoa, akagusa mahali palipolowa. Mikato miwili. Akafunga kifuniko na kulifunika sanduku kwa blanketi.

Ile saa moja ilikuwa ndefu kuliko safari zake zote. Walipofunua, Fundi alisoma kipimajoto.

"Tulianza sitini na saba. Sasa ni sitini na tano."

"Soma tena."

"Sitini na tano, Dereva. Zimepungua mbili tu."

Akachota kijiko, akampelekea mdomoni. Dereva alifumba macho.

"Asali," alisema.

Waliinua mfuko wa wavu wenye kimea ukachuruzika. Walichemsha maji yale matamu pamoja na maua machungu yanayoitwa hopsi, wakayapoza, wakatia hamira, na yalipochacha wakayajaza kwenye chupa; kwa jumla walisubiri majuma manne. Siku ya kufungua chupa, Mama Kimea alialikwa. Bia ilikuwa ya rangi ya kahawia, na povu lilikaa juu ya glasi bila kuzama. Mama Kimea alionja, akaizungusha mdomoni kama anayetafuna mkate.

"Mmewahi kuniona nikisifu kitu?" aliuliza.

"Bado," alisema Fundi.

"Leo nasifu."

Kaka yake Fundi naye alipewa glasi moja. Alipoimaliza, aliomba afundishwe. Kabla ya kumfundisha, Dereva alimuuliza swali.

"Unataka kupika kilo ngapi?"

"Kwani hiyo inahusu nini?"

"Kaa chini, shemeji," alisema Dereva, akivuta kiti. "Hapo ndipo tunapoanzia."

Jumamosi iliyofuata Fundi alikuwa na nguo za kuwahisha, lakini alisimama mlangoni mwa jikoni, tayari kusaidia. Dereva alimsikia.

"Nenda ukashone," alisema. "Nikikwama nitakuita."

Fundi alikaa kwenye cherehani. Alisikia maji yakimiminwa na Dereva akihesabu, moja, mbili, tatu, kwa sauti ya mtu anayejua anakokwenda. Alisikia kifuniko kikifungwa. Alitega sikio asubuhi nzima huku mguu ukikanyaga cherehani.

Hakuitwa.