Kuamshwa kwa Nabintu

Siku Kamaldin alipoingia Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, na kamera yake, jua lilikuwa la kawaida, vumbi la kawaida, na kina mama pale bombani walikuwa wakigombania maji kama ilivyo ada. Hapakuwa na bundi wala paka mweusi. Haya yalimpata Appolinaire, jirani wa shangazi yangu pale Base Camp, upande wa Wakongomani. Anayebisha namsamehe, hata mimi nilibisha mwanzoni.

Appolinaire alikuwa mwigizaji, na ole wako umwambie ni kitu kingine. Alilima mahindi kama wakimbizi wenzake na kupanga foleni ya posho kama wenzake, lakini ukimuuliza habari za shamba alinuna kutwa. Alikuwa na kundi lake la maigizo, na mchezo wao mkubwa uliitwa Bibi wa Mwami. Ulikuwa mchezo wa zamani, ulioandikwa na mwalimu mmoja wa misheni kule Uvira kabla hawajazaliwa, ukachezwa kwenye kumbi za parokia na baba zao na babu zao. Walipokimbia vita hawakubeba hata sufuria, lakini maneno ya mchezo ule walifika nayo yote kichwani.

Kisa chenyewe ni kifupi. Ngoma ya Mwami, yaani mfalme, imekataa kulia, na waganga wanasema inataka pumzi ya mtu ampendaye. Mwami anamlaza mkewe Nabintu kwenye mkeka, anamnyonga kwa kitenge, na ngoma inalia. Mwami alikuwa Appolinaire. Nabintu alikuwa Madeleine, mke wake wa ndoa, mwanamke mpole aliyempenda mumewe kuliko alivyostahili.

Mchezo ule ulikuwa na desturi yake. Ngoma ikishalia, hakuna anayetoka ukumbini. Mwami anavua kofia yake ya manyoya, anapiga magoti mbele ya macho yaleyale yaliyoona kifo, na anamwita marehemu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Hamwiti Nabintu. Anamwita Madeleine, mpaka aitike, "Niko." Hapo ndipo watu wanacheka na kwenda zao. Aliyeua ndiye anayeamsha, na hapokei msaada wa mtu. Nestor, mpiga ngoma wa kundi, hakujua sababu. Aliukuta utaratibu huo kwa waliomfundisha, nao waliukuta.

Kamaldin hakuyajua hayo, wala hakuuliza. Alikuwa mfanyabiashara wa Nyamityobora, mjini Mbarara, mwenye duka la kuuza filamu, na siku za Jumamosi alirekodi harusi. Aliuona mchezo ule mara moja kwenye sherehe ya wakimbizi akautaka uwe filamu ya televisheni. Appolinaire aliposikia neno televisheni, hakulala.

Walipiga picha karibu na ziwa, mchana kweupe. Siku ya kifo ilipofika, Appolinaire alikaza kitenge, Madeleine akarusha miguu, akatulia. Nestor akaipiga ngoma. Appolinaire akavua kofia na kushuka magotini.

"Kata," alisema Kamaldin. "Wewe unafanya nini?"

"Naenda kumuamusha."

"Kuamsha nani? Ssebo, hii ni filamu. Mtu akikufa, amekufa. Akisimama, watu ya Mbarara watacheka sisi. Mimi namaliza na uso yake, basi."

Nestor aliweka chini fimbo za ngoma. "Patron, haiko vile. Mwenye aliua ni yeye anaamusha. Na bale bote benye baliona kifo, bamuone anaamuka. Tulikuta ni vile."

"Nani ameona kifo? Hapa iko kamera tu."

Nestor alimtazama Appolinaire, kiongozi wake, amtetee. Lakini Kamaldin alikwisha kukunja nyaya, na Appolinaire aliogopa kuonekana mshamba. Alimgusa mkewe kwa ncha ya kiatu. "Amuka, jua linaenda," alimwambia. Hakumtaja jina. Madeleine alijiinua mwenyewe, akakung'uta vumbi na kwenda kuteka maji.

Filamu ilionyeshwa kwenye televisheni Jumapili moja mchana. Appolinaire alikwenda kuitazama dukani kwa Kamaldin, na jioni hiyo vijana wa Nyamityobora walimwita Mwami barabarani. Alirudi kesho yake akiwa amevimba kichwa. Akawakuta majirani mlangoni.

Mchana ule wa Jumapili, saa ya filamu, Madeleine alikuwa anapeta maharage na shangazi yangu. Ghafla ungo ulimdondoka. Alishika shingo kwa mikono miwili, akaanguka chali, akarusha miguu. Kisha akatulia, hana pumzi. Ilirudi baadaye, kidogo kidogo, wakati wameshaanza kulia. Shingoni alikuwa na alama inayozunguka, na ndani ya alama ile yalionekana maua ya kitenge. Siku hiyo hakuwa amejifunga kitenge popote.

Appolinaire alimsikiliza shangazi hadi mwisho, akacheka. "Hapa unacheza muzuri kuliko kwa filamu," alimwambia mkewe. Alidhani ni wivu.

Kamaldin akatoa nakala za kuuza. Zikafika vibanda vya video vya Ruti, zikafika Kabingo, na mwishowe kibanda cha pale pale Base Camp. Madeleine akawa anaanguka kila siku. Alianguka sokoni, alianguka bombani, alianguka kanisani akiwa amefumba macho anasali. Kibanda kilikuwa na spika kubwa, na shangazi akiwa uani kwake aliisikia ngoma ya mwisho ya filamu. Kila ilipolia, Madeleine alikuwa tayari yuko chini.

Nestor ndiye aliyesema waziwazi. "Papa Appo, kila fasi banamuona anakufa. Hakuna fasi banamuona anaamuka. Macho ni mingi sasa. Umuamushe palepale mu filamu, batu bote benye baliona baone."

Appolinaire alielewa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alielewa vizuri kabisa. Jioni ile alimwita mkewe jina lake pale nyumbani, akaitika, na kesho yake akaanguka tena. Njia ilikuwa moja tu, kurudi kwa Kamaldin. Lakini Kamaldin alikuwa amemuahidi filamu ya pili, na Appolinaire hakutaka kumkera kwa mambo ya kishamba. Akangoja. Sauti ya Madeleine ikakauka, ikabaki mnong'ono. Akawa halali chali. Akaacha kula vitu vigumu.

"Appo," alimnong'oneza asubuhi moja, "nabakia kidogo."

Ndipo alipopanda gari kwenda Mbarara. Kamaldin alimcheka kwanza, kisha akaona biashara. Filamu ileile na mwisho mpya, maiti anaamka. Watu wangeinunua mara ya pili.

"Kale, sawa," alisema. "Nakuja. Lakini lazima akufe kwanza, ndiyo picha ziungane."

Walimbeba Madeleine hadi pale pale karibu na ziwa na kumlaza kwenye mkeka. Alimshika mumewe mkono. "Usikaze," alinong'ona. Na kwa kweli hakukaza. Aliweka kitenge juu ya shingo kama anamfunika mtoto, akaondoa mikono yake.

Madeleine akarusha miguu hivyo hivyo.

Akatulia.

Nestor akaipiga ngoma. Appolinaire akavua kofia, akapiga magoti. Kifua cha mkewe kilikuwa hakipandi. Akafungua mdomo.

"Ngoja," alisema Kamaldin nyuma ya kamera. "Unaita jina gani?"

"Madeleine."

"Nani anajua Madeleine? Watu wanajua Nabintu. Ukisema Madeleine watachanganyikiwa. Ita Nabintu."

"Papa Appo, hapana," alisema Nestor.

Kamera ilikuwa inawaka taa yake ndogo nyekundu. Appolinaire angeweza kuiharibu picha ile kwa neno moja tu na kwenda nyumbani na mke wake. Alijua hivyo. Aliitazama taa, akanyoosha mabega kama Mwami, na kujiambia kuwa mke ni yuleyule.

"Nabintu," aliita.

"Niko."

Hakuitwa mara ya pili. Madeleine hakuwahi kuitika upesi namna ile.

Aliketi. Hakukung'uta vumbi. Aliitazama ngoma, akaitazama suruali ya Kamaldin, akaitazama kamera kwa muda mrefu, kama kitu ambacho hajawahi kukiona. Kisha alimgeukia Appolinaire, akapiga magoti na kupiga makofi polepole, kwa heshima.

"Mwami wangu," alisema.

"Safi sana," alisema Kamaldin, akazima.

Kuanguka kulikoma siku ileile. Mwili ulirudi, alama ya shingoni ikafutika, na majirani walikuja kumshukuru Mungu. Lakini shangazi aliona mambo. Ukimwita Madeleine hageuki. Redio ikiongea anainama kuchungulia nyuma yake. Hata akiomba chumvi, aliomba kwa Kiswahili kile cha zamani cha misheni, cha mchezoni, na kila sentensi ilianza na Mwami. Mumewe alipolala mchana, yeye aliketi kando ya kitanda. Hakumtazama uso. Aliitazama mikono yake.

Siku moja, akiwa anaosha vyombo, aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mwami wangu, ngoma ililia?"

"Ngoma gani?"

"Ile uliyoninyongea."

Appolinaire alitoka nje akasimama juani. Alianza kuelewa alichokifanya, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu. Mke wake hajaitwa. Yule aliyemo ndani si mwigizaji. Ni Nabintu, ambaye hajui kama kifo chake kilikuwa mchezo, na anamjua mtu mmoja tu duniani, mume aliyemuua.

Alipita mbio uwanjani hadi kibandani. Nakala mpya ilikuwa inaonyeshwa mchana huo. Alitaka kuona kwa macho yake kama Madeleine amebaki mahali popote mle. Aliketi benchi la mbele. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia na watu wamejaa. Mara benchi likabonyea upande wa kulia. Nabintu alikuwa ameketi karibu yake, mikono mapajani.

Kifo kilipita. Ngoma ikalia. Kwenye kioo Appolinaire aliita Nabintu, mkewe akaketi, na vijana wakapiga miluzi. Majina ya waigizaji yakapanda. Kioo kikawa cheusi. Watu wakaanza kusimama.

Kisha spika zikanong'ona.

"Appo."

Mwenye kibanda aliipiga mashine kofi. Alidhani diski imechubuka.

"Appo, niko huku. Fasi ni giza." Palikuwa na pumzi, fupi fupi. "Balikwisha kunifunika. Uniite, Appo. Jina moja tu."

Hiyo haikuwa lugha ya mchezo. Ilikuwa sauti ya jikoni kwake, sauti iliyomwamsha kila asubuhi tangu Uvira. Machozi yalimtoka Appolinaire kwa mara ya kwanza. Alimpenda. Alimpenda kweli, na alikuwa amechelewa kidogo tu. Bado aliweza. Aliyeua ndiye anayeamsha, na yeye yupo, na mdomo anao. Akavuta pumzi.

"Ma—"

Mkono ulimgusa kooni. Haukukaba. Ulitulia pale taratibu, kama wa mke anayemtengenezea mumewe kola.

"Mwami wangu," Nabintu alimnong'oneza sikioni, "aliyelala kwenye mkeka alikuwa mimi. Umeshaniamsha."

Kisha akasema, "Nyamaza sasa."

Na Appolinaire akanyamaza.

Hajasema neno tangu siku ile, mwaka elfu mbili na kumi. Zahanati walimmulika koo. Mbarara walimmulika koo kwa mashine. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, hakuna kitu. Pumzi inapita, sauti haitoki. Mkewe anamtunza vizuri mno. Anamlisha uji kwa kijiko, anamfuta mdomo, anamuuliza kama umepoa. Wageni wakiingia wanamsifu, wanasema siku hizi hakuna wanawake wa namna hii.

Nestor aliwahi kwenda kibandani, akasimama mbele ya kioo cheusi na kuliita jina la Madeleine mpaka akatolewa nje. Hakuna kilichotokea. Si yeye aliyeua. Kamaldin naye alikata mwisho wa filamu, akatoa nakala nyingine zinazoishia kwenye majina. Sauti ikaja baada ya majina. Akaziacha hivyo hivyo, kwa sababu watu walianza kuzinunua ili waisikie.

Shangazi yangu aliisikia huko Kabingo, kwenye kibanda cha mtu asiyemjua, na ndiye aliyenieleza ilivyo sasa. Madeleine haombi tena. Hamtaji Appo. Majina yakishapanda na kioo kikishakuwa cheusi, anaitika tu, kwa upole, kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Niko," anasema.

Anasikiliza.

"Niko."