Mpundu ya Mama Yangu Iliuza Samaki Ambao Hawakuwepo

Naitwa Ngoie, nina miaka kumi na tisa. Ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi, kwa baba na mama. Shule niliacha baada ya msingi, kwa hiyo wasomaji wenzangu mnisamehe, ninaandika polepole. Haya ninayoyaandika singeweza kuyasema kwa mdomo...

Mama yangu huitwa Mama Masengo, kwa jina la dada yangu mkubwa. Mtaa mzima ulimjua kwa mpundu yake. Wengine husema vigelegele. Wanawake wote hupiga mpundu, lakini ya mama ilipanda, ikakatika ghafla, kisha ikaanza tena juu zaidi. Ikisikika, wanawake waliacha kutwanga na kuulizana, “Kwa Mama Masengo nani amezaa?” Hakuipiga ovyo. Aliipiga kwa mtoto au kwa ndoa, basi.

Mwaka jana Monga alikuja kunichumbia. Alikuwa fundi wa sauti kwenye televisheni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza milio ya kuchangamsha vipindi: mvua, mlango, injini ya gari. Mvua aliifanya kwa mchele na bati! Mimi nisiyecheka mbele za watu, yeye alinichekesha. Nilimpenda, sitaficha.

Siku wazee wake walipoleta mahari, alikuja na mashine ya kunasa sauti. Alisema ni ukumbusho, watoto wetu wataisikia siku ile. Baba alipopokea, mama akatoka uani, akafungua kinywa... Sijawahi kusikia mpundu kama ile. Ilikuwa ya furaha yangu mimi, mtu ambaye watu husahau hata kumsalimu.

Wakati huo televisheni ile ilikuwa na kipindi kipya. Kampani moja ilikuwa ikiuza hisa, sisi tunasema aksio. Ilidai ina mashua na vyumba vya baridi vya samaki kule Kasenga. Ukinunua aksio, unakuwa na sehemu yako ndani ya mashua. Kila Alhamisi jioni mtangazaji mwenye abakosti, lile koti lisilo na tai, alisoma bei, na bei ikipanda, kengele ililia. Haikushuka hata mara moja.

Alhamisi moja jirani yetu Mama Kabwe, mwenye televisheni, alikuja mbio. “Mama Masengo! Weye uko ndani ya televizio!”

Tulikwenda kusimama dirishani kwake na watu wengine. Mtangazaji akataja bei nyingine, nayo imepanda tena. Kengele haikulia. Ikalia mpundu ya mama... mpundu yangu!

Watu walipiga makofi. Mama aliniangalia, mimi nikaangalia chini.

Kesho yake alimwita Monga. Alimwambia bila ukali, “Baba, ile sauti uitoe. Miye sikufurahia samaki. Nilifurahia mutoto wangu.”

“Ndiyo, mama. Nitaitoa.”

Alhamisi iliyofuata ikalia tena. Na nyingine tena.

Mama akapita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba haijui kampani ile, hana aksio hata moja, asiaminiwe. Mnajua walimjibu nini? Walicheka! Mama Kabwe alimpiga begani. “Ee, Mama Masengo, roho mbaya hiyo! Unakula peke yako, shiye unatufukuza? Mpundu yako haiwezi kusema bongo, haiwezi kudanganya!”

Kadiri alivyokana, ndivyo walivyoamini anaficha utajiri. Tulipoonekana tumekula samaki, ilikuwa ushahidi. Mama aliposhona kikwembe, yaani kitenge, kipya cha harusi yangu, ilikuwa ushahidi. Mama Kabwe aliuza cherehani yake akanunua aksio. Mzee mmoja aliyestaafu kazi kwenye tanuru la shaba aliweka malipo yote aliyopewa. Hata mama mkwe wa dada Masengo, kule Ruashi, alinunua. Alijisifu kwamba ameipata habari kwa wakwe zake!

Kisha Alhamisi moja kukawa na muziki mtupu. Iliyofuata pia. Waliokwenda mjini walikuta ofisi ya kampani imefungwa kwa mnyororo. Waliokwenda Kasenga waliuliza mashua zile ziko wapi, wavuvi wakawashangaa.

Wanawake walikuja kwetu. Hawakwenda televisheni. Nani angewafungulia lango? Wengine walitukana, wengine walilia. Mama Kabwe hakupiga kelele. Alisema tu, “Ba kampani miye sibajue, mama. Weye nakujua. Nilisikia sauti yako.”

Sauti ilikuwa yake kweli.

Nilimfuata Monga kazini, nikamngoja nje langoni. Nilimwuliza kwa nini aliitumia ile sauti. Alisema, “Ngoie, ni mulio tu. Kengele haikugusa bantu. Chef, mukubwa wa kazi, alisema tafuta kitu cha kugusa bantu.” Nikamwuliza kwa nini alimwahidi mama. Akatazama viatu vyake. “Mpundu haina mwenyewe. Ukiisha kuipiga, inaenda.”

Sikulia. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikachagua maharagwe, nikapika. Baba alirudisha mahari bila kuniuliza, nami sikuuliza. Tangu siku ile niko hivyo. Watu wakinisalimu ninaitikia, wakisema jambo la kuchekesha ninajua kwamba linachekesha.

Lakini baya zaidi lilikuja Masengo alipojifungua, mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Tulikwenda Ruashi. Mama alimpokea mjukuu, akamwinua. Wanawake waliojaa chumbani walinyamaza kumngoja. Nilimwona anavuta pumzi, midomo imefunguka...

Mama mkwe wa Masengo alisema taratibu, karibu kwa upole, “Mama, na leo unauzisha nini?”

Hakuna aliyecheka. Mama alifunga kinywa. Alimrudisha mtoto kwa Masengo, akakaa. Mtoto yule aliingia ukoo bila mpundu, kama mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma!

Mama yuko hai. Anakwenda misa, anauza mkaa. Jumapili wanawake wakipiga mpundu kanisani, yeye hutengeneza kitambaa cha kichwa hadi wamalize. Kipindi cha aksio kilikufa, lakini utepe ulibaki. Juzi, nikipita barabarani, nilimsikia mama kwenye redio ya mwenye duka... alikuwa anashangilia sabuni.

Wasomaji, ninyi wasichana hasa, msimpe mtu furaha ya nyumba yenu aitie ndani ya mashine kwa sababu tu mnampenda. Mwulizeni ataipeleka wapi, hata kama mna haya kama mimi. Na ninyi nyote mnaokaa mbele ya televisheni, nawasihi! Mkisikia mpundu, msikimbie kuuza cherehani. Ulizeni kwanza ni mtoto wa nani aliyezaliwa.