Mkono wa Baridi

Kila Jumamosi, akimaliza kuosha vyombo na kuanua nguo, Tiara alikimbilia klabu ya dansi katika ukumbi wa mtaa. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu alicheza kwa wepesi, kama tiara kwenye upepo. Mwalimu wao alikuwa fundi viatu, mzee mpole aliyerekebisha hatua za watu bila kupaza sauti.

Jumamosi hiyo watoto zaidi ya arobaini walijazana humo. Bati la paa lilitoa joto kama tanuri. Nje kulivuma upepo wa vumbi, kwa hiyo Fundi alikuwa amefunga madirisha yote. Mwanga uliobaki ulikuwa wa kijivu.

"Unajua kuna mtoto alifia humu akicheza?" binamu yake Tiara alimnong'oneza walipokuwa wakipanga miduara miwili. "Mkono wake ni baridi kama wa maiti. Akikushika, usimtazame usoni. Ukimtazama, umekwisha."

"Acha uzushi wako, bwana."

"Haya. Usije ukasema hukuambiwa."

Muziki ulianza. Ilikuwa dansi ya kubadilishana: filimbi ikilia, unamwachia mwenzako na kumpokea anayefuata. Tiara alipokea mkono wa moto, kisha mwingine wa moto, yote imelowa jasho. Filimbi ikalia tena.

Mkono uliofuata ulikuwa wa baridi.

Ilikuwa baridi yenye unyevu, kama ukuta wa bafu. Vidole havikumshika, vililala tu kiganjani mwake. Nywele zilimsisimka. Alikaza macho sakafuni, akaona miguu miwili ikijiburuta, nyuma kabisa ya mapigo ya muziki. Hakungoja filimbi. Alichomoa mkono wake, akamkimbilia binamu yake.

"Nimemshika!"

"Hata mimi!" Binamu hakuwa akicheka. "Lakini nilitunga tu, Tiara. Naapa, nilitunga!"

Mtoto mwingine akapiga yowe. Miduara ikavunjika, watoto wakarudi nyuma hadi ukutani. Muziki uliendelea. Katikati ya ukumbi alibaki mtu mmoja, akiyumba taratibu, mikono ameinyoosha mbele kana kwamba bado ameshikwa.

Kama hadithi ni ya kutunga, Tiara alijiuliza, ule mkono ni wa nani? Moyo ukimdunda, alisogea hatua moja, kisha nyingine, akainua macho na kumtazama usoni.

Alikuwa msichana wa darasani kwao, yule mtaratibu waliyemwita Kimya. Midomo yake ilikuwa imekauka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Alivaa sweta zito, vifungo vimefungwa hadi shingoni.

"Fundi! Zima muziki! Kimya anaanguka!" Tiara alimdaka magoti yalipolegea.

Fundi alimbeba hadi barazani, akamlaza, akamvua sweta na kumwinulia miguu juu ya kigoda. Tiara alimpepea na kumfuta shingo kwa kitambaa cha maji. Binamu alitumwa mbio kumwita muuguzi wa zahanati ya jirani.

"Joto limemzidi," muuguzi alisema baada ya kumpima. "Ngozi ikiwa ya baridi na imelowa hivi kwenye joto, mwili unaomba msaada. Mngechelewa, tungekuwa tunasema mengine."

Kimya alipopata nafuu na kunywa maji kidogo kidogo, Fundi alimuuliza, "Sweta kwenye joto hili, mwanangu?"

"Sikutaka jasho langu limguse mtu. Hata maji sijanywa tangu asubuhi, ili nisitoke jasho." Hakumtaja yeyote.

Hakuna aliyemtazama Tiara. Angeweza kunyamaza.

"Ni mimi, Fundi," alisema. "Wiki iliyopita nilimwambia ananuka kama soksi. Mbele ya watu. Wakacheka. Kimya, nisamehe."

"Na mimi nilifunga madirisha, tena sikuwasimamisha mnywe maji," Fundi alisema. "Kwenye joto sote tunatoka jasho. Ndiyo maana tunakuja tumeoga, na taulo, na fulana ya kubadilisha. Mwenzako akikukera, mwambie mkiwa wawili, kwa upole. Na unayecheza naye, mtazame usoni. Ukitaka kumwachia, mfikishe kwanza kwenye kiti."

Jumamosi iliyofuata madirisha yalikuwa wazi na ndoo ya maji ilikuwa mlangoni. Tiara alimwendea Kimya.

"Naomba tucheze."

Kimya alimtazama. "Leo sitaki."

"Umepigwa chini, dada!" binamu alicheka.

Uso ulimwaka Tiara. "Sawa," alisema. "Asante." Akaenda kuketi.

Fundi alikuwa amesikia. "Usinune, mwanangu," alimwambia. "Mtu asiyeogopa kukukatalia, ndiye atakayekuambia siku akiumwa."