Gauni Ambalo Hakuna Aliyelinunua

Gauni lilikuwa na joto.

Bonareri alilishika tena, safari hii kwa viganja vyote viwili, akahisi lile joto linalobaki kwenye nguo iliyovuliwa sasa hivi. Lilikuwa gauni la hariri, la kijani, la mikono mirefu, limetundikwa katikati ya nguo zake kabatini. Hakulijua. Hakuwahi kulinunua wala kulishonesha.

Nje, mvua ya mchana ya Gesima ilikuwa imeanza kupiga mabati. Mumewe Mogaka alikuwa kituoni akipima majani chai ya wakulima. Binti yao Nyaboke, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni. Hakuna mgeni aliyekuwa ameingia nyumba hiyo siku nzima.

Bonareri akajiambia kwamba ni Mogaka aliyelileta. Alitaka sana iwe hivyo.

Mwaka uliotangulia, mwaka wa sabini, walikuwa wamemzika mtoto wao wa kiume nyuma ya migomba, hajatimiza hata mwezi. Tangu hapo waliishi kama wapangaji wawili waliokutana kwenye nyumba moja. Mogaka alikula, akashukuru, akalala. Bonareri aliacha kujitazama. Nywele zilikatika, ngozi ikapauka, na gauni lake la shambani likatoboka makwapani bila yeye kujali. Mpaka siku moja alipomsikia mumewe akimwambia mtu njiani, tena bila ubaya wowote, "Mke wangu alikuwa mrembo. Ungemwona zamani."

Alikuwa. Neno hilo lilimkaa kooni kama mfupa.

Basi akaanza kujitengeneza. Alipata kabati la mbao lenye kioo mlangoni, na kila alipotoka kuuza ndizi soko la Nyaramba alirudi na kitu: sketi nyeusi inayopatana na blauzi zote, sweta, gauni la terilini la kwendea kanisani, shumizi, kitambaa cha kichwa. Akishachuma chai asubuhi, alijifungia chumbani na kufunga dirisha, maana wazee wa kanisa la Wasabato hawakupenda mapambo. Alijipaka parachichi kichwani, akajisugua uso kwa malai ya maziwa na asali, akanyoosha nywele kwa kitana cha chuma kilichopashwa kwenye makaa. Udi wa kufukizia nguo alipewa na Batuli, mjane wa Kiislamu aliyeuza manukato na vitambaa mjini Kisii.

"Fukiza nguo tu, mwanangu," Batuli alimwambia. "Usikae ndani ya moshi ukizungumza peke yako. Una wasikilizaji wake."

Bonareri aliyachukulia kuwa maneno ya watu wa mjini. Na upweke una ulimi. Kila alasiri, moshi ukipanda, alisimama mbele ya kioo akanong'ona kwamba angetoa chochote awe kama zamani.

Sasa alivaa lile gauni la kijani. Lilimkaa kana kwamba fundi alimpima akiwa usingizini. Mogaka aliporudi, alisimama mlangoni na koti lake likichuruzika maji.

"Limekupendeza," alisema.

"Asante," Bonareri akajibu, akimshukuru kwa gauni. Mogaka alidhani anashukuriwa kwa sifa. Jioni hiyo alimshika mkono mezani, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi, na hakuna aliyemwuliza mwenzake lolote, kwa hofu ya kuharibu.

Kwa majuma kadhaa mambo yalinyooka. Ngozi yake iling'aa, nywele zikajaa, na wanawake kituoni wakamwuliza anapaka nini. Kisha kopo jipya la mafuta likaisha kabla hajachovya kidole. Akakuta nywele kwenye kitana, ndefu, laini, zisizo zake wala za mtu yeyote aliyemjua. Mchana mmoja, akikunja nguo, akasikia ndani ya kabati lililofungwa sauti ya kitana kikipita kwenye nywele, polepole, toka juu hadi chini. Na alipozuia pumzi ili asikie vizuri, kitana nacho kikatulia, kama mtu anayemsikiliza yeye. Harufu ya udi ikatoka kwenye nyufa za mlango, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo mbichi uliochimbwa mvuani, ambayo aliijua tangu siku ile walipokuwa wamesimama nyuma ya migomba.

Alitoka nje, akakaa uani mpaka Mogaka aliporudi. Hakumwambia. Angemwambia nini?

Kesho yake alirudi kutoka shambani na kikapu mgongoni, akamkuta Nyaboke amekaa kizingitini. Nywele za mtoto zilikuwa zimesukwa mistari myembamba iliyojizungusha kama konokono, msuko ambao hakuna mwanamke wa Gesima aliyeujua, na kichwa kilinukia udi.

"Nani amekusuka?"

Nyaboke alimtazama kama anayefanyiwa mzaha. "Si wewe, mama? Halafu ukaingia kabatini."

Bonareri alipiga magoti. "Nilikuwa nimevaa nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Lile la kijani." Mtoto alifikiri kidogo. "Lakini ulikuwa baridi. Na niliweka sikio hapa," akagusa kifua cha mama yake, "hakukuwa na kitu kinapiga. Umesema kesho tutakwenda kwa mtoto, atacheza na mimi."

Mogaka alipofika alimkuta mkewe amemfunga Nyaboke mgongoni kama kichanga.

"Baba Nyaboke, lile gauni ulilinunua wapi?"

"Mimi?" Mogaka aliketi kizingitini. "Nilidhani umejinunulia. Baadaye nikadhani umepewa na mwanamume. Nikaona heri ninyamaze, kuliko nikupoteze na wewe."

Walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi kila mmoja akaona jinsi mwenzake alivyokuwa peke yake. Kisha Mogaka akainuka, akalitoa gauni, akalimwagia mafuta ya taa uani na kulitia kiberiti.

Moto uliposhika pindo, Nyaboke alipiga yowe lililowatoa majirani. Malengelenge yalikuwa yakimpanda miguuni, kutoka vifundoni kwenda juu, kadiri moto ulivyopanda kwenye hariri. Mogaka aliuzima kwa miguu na viganja vyake mwenyewe. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba na kuimba, walipokuwa wakiimba mtoto alitulia, na walipomaliza akafumbua macho na kusema, kwa upole wa mtu mzima, "Mwende sasa, mwanangu amechoka."

Alfajiri walipanda lori la majani chai hadi Kisii, gauni lililoungua likiwa limefungwa kwenye kitambaa. Batuli alimwona mtoto, hakuuliza maswali mengi, akawapeleka chumba cha nyuma kwa mjomba wake, Mzee Dahir, mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu.

Mzee alimsomea mtoto dua, akamnusa utosini, akageuka. "Mama, huyu aliyekuja ni jini jike aliyefiwa na mwana. Amekuta nyumba yenye msiba kama wake, na mlango umefunguliwa kwa udi na maneno. Ameleta vitu vyake, vimepokelewa. Sasa anadai malipo, na malipo anayotaka ni huyu."

"Mfukuze, Mzee," Mogaka alisema. "Nakuomba."

"Nikimfukuza kwa nguvu ataondoka na roho aliyoishika. Lazima azungumze, na ili azungumze, gauni livaliwe." Alimtazama Bonareri. "Sijui atataka nini badala yake."

Bonareri hakungoja kuombwa. Alilivaa gauni lililoungua pindo, akaketi mkekani, na baridi ikampanda kutoka miguuni, ikapita magoti, ikapita tumbo lililobeba watoto wawili, ikafika kooni, na hapo akasikia kinywa chake mwenyewe kikisema kwa sauti tamu kuliko yake, "Nilimpa ngozi, nilimpa nywele, nilimrudishia mumewe, na yeye alisema chochote, akasema chochote, siku zote alisema chochote, kwa hiyo msiniite mwizi."

"Una haki ya kulipwa," Mzee Dahir alisema. "Mtoto si wake kumtoa. Ana nini kingine unachokitaka?"

Kinywa cha Bonareri kikatabasamu. "Anacho kimoja. Akikitoa, naondoka na sirudi."

"Ni nini?"

"Yeye anajua. Nimemwonyesha."

Ndani ya baridi ile Bonareri alikuwa amekwisha kuona, na moyo wake ulilia na kukataa na kuzunguka kama mnyama aliyefungwa, na nje ya moyo huo alisikia mwanawe akikoroma kama mtu anayezama. Akasema, kwa sauti yake, "Chukua."

Gauni likawa majivu mwilini mwake. Mogaka alimtupia shuka la Batuli. Ngozi yake ilikuwa imepauka tena na nywele zimekatika, na hakujali, alimwangalia mtoto. Malengelenge yalikuwa yamekauka. Nyaboke alivuta pumzi, akakaa kitako, akamwona Mogaka na kumnyooshea mikono. "Baba."

Mogaka alimkumbatia, analia. "Mtazame mama, ndiye aliyekuponya."

Mtoto alimtazama Bonareri kwa makini, na usoni mwake hakukuwa na chuki wala hofu. Kulikuwa na heshima ile wanayofundishwa watoto kwa wageni. Kisha akageukia mlango uliokuwa wazi, akaanza kulia polepole. "Baba, mwite mama. Mbona anaondoka?"

Mlangoni hapakuwa na mtu. Batuli aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mzee Dahir aliinamisha kichwa.

Bonareri alifunga shuka vizuri, akafuta uso kwa kiganja, akasogea mpaka magoti yake yakakaribia ya mtoto, bila kumgusa.

"Hujambo," alisema. "Mimi naitwa Bonareri."