Mwanaume Asiyevunjika

Jua lilikuwa linazama nyuma ya Mlima Meru wakati Loserian aliposhuka kwenye bodaboda pale Kikatiti, amekumbatia mfuko wenye fulana nene ya sponji. Alikuwa ameifuata kwa fundi cherehani mjini Arusha. Fulana ile aliivaa yeye kwa miaka mingi. Sasa ilikuwa imepunguzwa kiuno ili imtoshe kijana.

Kijana mwenyewe aliitwa Lengai.

Kazi ya Loserian ilikuwa kuanguka. Kwenye filamu, muigizaji akitakiwa kutupwa ghorofani au kuburuzwa na pikipiki, muigizaji alikaa pembeni akinywa soda, na Loserian akavaa nguo zake na kuanguka kwa niaba yake. Jina lake halikuwahi kuonekana kwenye bango. Lakini watu wa filamu walimwita Paka, maana katika miaka yote hiyo hakuvunjika hata ukucha. Alikuwa akiinuka, anajikung'uta vumbi, anaulizia chai.

Mpaka alipofiwa na mke wake, Silantoi.

Tangu wamzike kule kwao Oldonyo Sambu, mwili ulimgeuka. Alianguka kutoka kwenye paa la banda fupi, urefu ambao mtoto angeruka huku anacheka, akateguka kiwiko na kulia machozi mbele ya watu. Prisca, mwongozaji wa filamu, akamwita pembeni.

"Mzee wangu, pumzika sasa. Lile genge la Momela ataruka Lengai. Wewe utamwelekeza."

Akamwelekeza. Na akamchukia. Lengai alikuwa akiinuka kwenye mawe anacheka, mzima kama alivyoamka, kama Loserian wa zamani. "Mzee, mimi na wewe tumeumbwa kwa mpira," alimwambia siku moja. Loserian alitazama pembeni.

Nyumba aliyopanga Lengai ilikuwa nyuma ya maduka ya barabara ya Moshi. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani hakukuwa na taa.

"Hodi."

Akausukuma mlango, akaingia.

Kisha harufu ikamfikia. Mafuta ya kondoo yaliyochemshwa na majani machungu...

Loserian alisimama pale pale. Harufu hiyo aliijua. Ilikuwa chumbani kwake kila aliporudi kazini, mwaka hadi mwaka, mpaka pua ikaizoea. Silantoi alikuwa na maelezo kila mara. Nimeteleza jikoni. Ndama kanipiga teke. Mgongo tu huu, utapona.

"Karibu, baba. Shikamoo."

Sauti ilitoka chini, kwenye mkeka. Alikuwa Nkasiogi, mke wa Lengai, ameegemea ukuta, mkono mmoja juu ya tumbo. Mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa gizani?"

"Taa inaniumiza macho."

"Mwenzako yuko wapi? Nimemletea fulana yake ya kesho."

"Bado yuko Momela. Wanajaribu jiwe dogo kwanza." Akanyamaza ghafla, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka mbali. "Baba... naomba utoke nje kidogo."

"Kuna nini?"

"Toka tu, baba. Tafadhali..."

Hakusubiri jibu. Alikunja ncha ya kanga, akaisukuma mdomoni, akaiuma.

Ko.

Mlio wa ukuni mkavu unaovunjwa gotini. Chumbani mle hakuna aliyemgusa. Bega lake la kushoto lilishuka lenyewe, taratibu, kama mtu asiyeonekana amelikanyaga. Mkono ukaning'inia. Jasho likamchuruzika usoni, na kutoka kooni mwake, nyuma ya ile kanga, ikatoka sauti ndogo... ndogo sana...

Kisha simu yake ikaita pale mkekani.

Alimwangalia Loserian. Loserian akaibonyeza. Sauti ya Lengai ikajaa chumba, yenye furaha, na nyuma yake watu wanapiga makofi.

"Nimeruka, mama. Nimefikia bega, watu wote wameshika vichwa. Na sijasikia chochote. Nakuja kula."

Nkasiogi alitoa kanga mdomoni.

"Pole na kazi," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Chakula kipo."

Loserian alikuwa amewarudishia watu mabega mara nyingi kwenye kazi yake. Alipiga magoti akamrudishia na hilo.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Nilitaka mwenyewe," alinong'ona. "Kuna bibi kule Oldonyo Sambu, wanamwita Koko. Alinifunga uzi wa ngozi kiunoni. Akasema kila atakapoanguka mume wangu, nitaumia mimi. Niliogopa kuwa mjane, baba. Niliona ni afadhali bega."

"Uliambiwa na nani habari za huyo bibi?"

"Usiniulize hilo."

"Nkasiogi. Nani?"

Nje, gari kubwa la mizigo lilipita barabarani, kuta zikatikisika, likapotea.

"Mama alinipeleka. Mama Silantoi."

Loserian alikaa chini.

Jikoni kwake hakukuwa na utelezi. Ndama walikuwa hawana hata mmoja, waliuza wote zamani. Aliwezaje kuambiwa habari ya teke la ndama, akaitikia, akala, akalala? Hospitali walimwonyesha picha ya mifupa ya mkewe, mistari juu ya mistari, daktari akamtazama kwa jicho baya, akidhani anampiga. Na yeye alikasirika kudhaniwa hivyo...

"Alikuwa anafurahi, baba," Nkasiogi alisema. "Alisema unaporudi mzima, yeye hana deni na Mungu. Koko alimkataza asikwambie. Mwanaume akijua, maanguko yake yote yanamrudia, moja moja, mpaka..."

Akakatisha. Macho yalimtoka. Akajiziba mdomo kwa mkono wa kulia.

"Baba. Nimekwambia."

"Usijali, mwanangu. Ni yangu." Akaiweka ile fulana mkekani. "Na kesho? Lile genge refu?"

"Nilikwenda kumwomba Koko anifungue, kwa ajili ya mtoto. Nyumba haipo. Pale nilipokaa nikanywa maziwa yake ni kichaka. Majirani wanasema hapo hajawahi kuishi mtu." Aligusa kiuno chake. "Uzi haukatiki kwa kisu. Nimejaribu."

Akiwa njiani kurudi nyumbani, nyuma ya bodaboda, kidole kidogo cha Loserian kilivunjika. Ko. Hakikuguswa na kitu. Akakumbuka: filamu yake ya kwanza kabisa, aliangushwa na punda.

Asubuhi, kule Momela, ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya maji ya ziwa. Loserian alimfuata Prisca chini ya genge, mahali walipokuwa wanapanga magodoro na maboksi.

"Niruhusu niruke mimi. Mara hii tu."

"Mzee, tusifike huko," Prisca alisema kwa huruma. "Utakufa."

Lengai alikuwa karibu, akivaa ile fulana. "Mzee, mwache kijana wako naye ale," alisema, na wenzake wakacheka chinichini.

Loserian alimtazama. Kijana mzuri, asiyejua kitu. Maanguko yake yalikuwa machache, ya msimu mmoja tu. Angeyabeba. Lakini hili la leo, likimfika msichana yule na mtoto tumboni...

Akamsogelea, akamshika shingo kama anayempa mwelekezo wa mwisho, akamnong'oneza sikioni. Yote. Jina la bibi, uzi, bega la jana.

Tabasamu la Lengai likafutika. "Unasema nini, mzee? Jana bega lake—"

Ko.

Alikuwa amesimama kwenye ardhi tambarare. Watu wote walimwona. Bega likashuka kwanza, kisha mbavu, kisha goti likageuka upande usiogeukia. Alilia kama mtoto. Wakati ule ule Kikatiti, Nkasiogi alisikia kitu kimelegea kiunoni. Uzi ulikuwa umeanguka sakafuni, umekatika katikati.

Hakuna aliyeuliza Loserian alimwambia nini kijana. Walichokiona kiliwatosha. Mzee aliyenyang'anywa kazi kamnong'oneza mrithi wake sikioni, na mrithi kavunjika. Prisca alirudi nyuma hatua kwa hatua, ameshika msalaba wake. "Ondoka hapa," alisema. "Usitusogelee tena."

Lengai alipona, ingawa hataruka tena. Nkasiogi alijifungua mtoto wa kike, mzima. Mara nyingi alijaribu kumweleza mumewe ukweli, lakini Lengai hakutaka kuusikia, maana kuukubali kungemlazimu kuhesabu kila alichomfanyia mkewe huku anacheka. Ilikuwa rahisi zaidi kusema mzee ni mchawi. Mpaka leo anasema hivyo.

Loserian alibaki peke yake nyumbani kwake Sakina. Majirani walimkwepa. Mchungaji alikuja kuomba, akaomba haraka, akiwa ameacha mlango wazi.

Maanguko yalikuja kwa mpangilio, na kila moja alilitambua. Hili la ukuta wa Ngaramtoni. Hili la pikipiki. Hakwenda hospitali. Alipokuwa akiugulia, alijaribu kukumbuka siku ile Silantoi alimpokea vipi, na kila mara alikumbuka jambo moja: alimpokea akiwa amesimama, na chakula kiko tayari.

Halafu jioni moja maumivu yakaja mahali pasipo na mfupa.

Yalishika chini ya kitovu, yakakaza, yakaachia, yakakaza tena, kama kitu kinachong'olewa kwenye mizizi. Hakusikia mlio wowote. Loserian alijikunja kitandani, akitafuta kwenye kumbukumbu ni filamu gani... Ngazi. Alibingirika ngazi za hoteli, mara tatu, kwa sababu yeye mwenyewe aliomba warudie, ipendeze zaidi. Alirudi nyumbani na mishkaki, akamkuta mkewe amelala, ameelekea ukutani. Mtoto katoka, alimwambia. Mungu hakupenda. Hawakupata mwingine.

Loserian alilia mpaka sauti ikakauka. Giza lilikuwa limeshaingia na hakuna aliyewasha taa.

"Silantoi," alisema, akitazama ukuta. "Na hii nayo iliuma hivi?"

Kitanda kikalia nyuma yake. Godoro likabonyea, kama linavyobonyea mtu anapokaa taratibu asimwamshe mwenzake. Harufu ya mafuta ya kondoo ikajaa chumba.

Mkono ukamgusa mgongoni. Wa baridi. Mzito.

"Bado," sauti ya mkewe ikamjibu sikioni, kwa upole. "Pumua. Ndiyo kwanza inaanza."